Jedwali la Pande Mbili katika Utatuzi wa Mafumbo ya Makundi Yanayoingiliana

Utangulizi

Fumbo la makundi yanayoingiliana ni swali la hesabu linaloeleza jamii moja ya watu au vitu, likaigawa jamii hiyo kwa sifa mbili au zaidi, kisha likauliza idadi ya wenye sifa zote, wenye sifa moja, au wasio na hata moja. Wanafunzi hukutana nalo katika mada ya seti. Nje ya shule watu hulikuta bila kutambulishwa: katika taarifa ya kijiji inayosema kaya ngapi zina umeme na ngapi zina maji ya bomba, katika orodha za wanachama wa vikundi viwili vya kukopeshana, katika majibu ya maabara. Ugumu wake ni kwamba katika mafumbo ya aina hii mtu mmoja huhesabiwa mara mbili, na mwingine hahesabiwi kabisa.

Makala haya yanafafanua njia moja ya utatuzi, nayo ni jedwali la pande mbili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba thamani ya jedwali haiko katika wepesi wa kupata jibu, maana kanuni ya kujumlisha na kutoa hulipata jibu hilo hilo kwa mstari mmoja. Thamani yake ni kumlazimisha mtatuzi aamue kila sentensi ya fumbo inazungumzia kisanduku kipi. Katika Kiswahili uamuzi huo hutegemea maneno mafupi ambayo msomaji huyapita haraka: *tu*, *na*, *wala*, *kati ya*.

Ujenzi wa jedwali

Tuchukue fumbo la kawaida. Darasa lina wanafunzi 45. Wanafunzi 28 wanasoma Historia, 23 wanasoma Jiografia, na 6 hawasomi Historia wala Jiografia. Je, ni wangapi wanaosoma masomo yote mawili?

Sifa ya kwanza, kusoma Historia, inawagawa wanafunzi katika mafungu mawili: wanaosoma na wasiosoma. Mafungu haya yanapewa safu mlalo mbili. Sifa ya pili, kusoma Jiografia, inapewa safu wima mbili. Pembeni na chini huwekwa jumla. Jedwali lote lina visanduku tisa: vinne vya ndani, vinne vya jumla za safu, na kimoja cha jumla kuu. Kabla ya hesabu yoyote, namba zilizotolewa na fumbo huandikwa mahali pake: 45 kwenye jumla kuu, 28 kwenye jumla ya safu ya Historia, 23 kwenye jumla ya safu ya Jiografia, na 6 ndani, pale ambapo "si Historia" inakutana na "si Jiografia".

Yanayobaki ni kutoa tu. Wasiosoma Historia ni 45 − 28 = 17. Kati yao 6 hawasomi Jiografia pia, hivyo 11 wanasoma Jiografia bila Historia. Wanaosoma Jiografia ni 23 kwa jumla. Tukiondoa 11 tunapata 12 wanaosoma yote mawili.

| | Jiografia | Si Jiografia | Jumla |
|---|---|---|---|
| Historia | 12 | 16 | 28 |
| Si Historia | 11 | 6 | 17 |
| Jumla | 23 | 22 | 45 |

Kisanduku cha 16 hakikuulizwa, lakini hakina budi kujazwa, kwa sababu ndicho kinachothibitisha kazi. Kinapatikana kwa njia mbili, 28 − 12 na 22 − 6, na njia hizo zisipokubaliana kuna kosa mahali fulani. Mwanafunzi anayetumia kanuni, yaani 28 + 23 − (45 − 6) = 12, hupata jibu sahihi bila kuwa na shahidi wa pili. Akikosea kutoa, hakuna kitu katika mstari wake kitakachomwambia.

Neno "tu" na kaya zinazopotea

Ubishi mkubwa wa mafumbo haya hautokani na hesabu. Tazama sentensi mbili zifuatazo: "Wanafunzi 16 tu wanasoma Historia" na "Wanafunzi 16 wanasoma Historia tu." Maneno ni yale yale, namba ni ile ile. Katika sentensi ya kwanza *tu* inafuata namba, na maana yake ni kwamba idadi ni ndogo. 16 ni jumla ya safu. Katika ya pili *tu* inafuata somo, na maana yake ni kwamba wanafunzi hao hawasomi jingine. 16 ni kisanduku cha ndani. Kuhama kwa neno hilo kumeihamisha namba kutoka ukingoni mwa jedwali hadi katikati yake.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania, ambaye katika shule za msingi za serikali hujifunza hisabati kwa Kiswahili na katika sekondari kwa Kiingereza, jambo hili lina uzito wa ziada. Kwa kawaida Kiingereza huweka neno lake la kuwekea mpaka mbele ya kinachowekewa mpaka. Kiswahili huliweka nyuma. Mwanafunzi anayetafsiri kichwani neno kwa neno anaweza kuibeba namba hadi kisanduku kisicho chake na bado akapiga hesabu zake vizuri kabisa.

Mara nyingine jedwali lenyewe hulikataa kosa hilo. Katika fumbo la darasa hapo juu, mtu akichukua 28 kuwa ni wanaosoma Historia tu, safu ya "si Jiografia" itakuwa na 28 na 6, yaani 34, ilhali jumla ya safu hiyo ni 22. Namba zinagongana, na mtatuzi hana budi kurudi kuisoma sentensi upya.

Lakini si kila fumbo linagongana. Tuseme kijiji kina kaya 60, na mjumbe anaandika hivi: kaya 25 zinalima mahindi, kaya 30 zinalima maharage, kaya 5 zinalima yote mawili. Ofisi inataka kujua kaya ngapi hazilimi mahindi wala maharage. Msomaji mwenye haraka hujumlisha 25, 30 na 5, akapata 60, akaridhika. Namba zimekamilika, hakuna kaya iliyobaki, jibu ni sifuri.

Kwenye jedwali, 25 ni jumla ya safu ya mahindi kwa sababu hakuna *tu* baada ya neno mahindi, na 30 ni jumla ya safu ya maharage kwa sababu hiyo hiyo.

| | Maharage | Si maharage | Jumla |
|---|---|---|---|
| Mahindi | 5 | 20 | 25 |
| Si mahindi | 25 | 10 | 35 |
| Jumla | 30 | 30 | 60 |

Kaya 10 hazilimi zao lolote kati ya hayo mawili. Katika usomaji wa haraka kaya hizo hazikuhesabiwa vibaya, zilifutwa. Iwapo mbegu za ruzuku zinaagizwa kwa hesabu hiyo ya haraka, zitakuja za mahindi kwa kaya 30 na za maharage kwa kaya 35, ilhali wakulima wenyewe ni 25 na 30. Aidha, kaya 10 ambazo pengine zinaishi kwa muhogo, uvuvi au vibarua hazitakuwapo kwenye karatasi yoyote. Jumla ya 60 iliyomridhisha msomaji imetokea kwa bahati ya namba, na bahati ya namba ni hatari kuliko kugongana kwake, kwa kuwa haimpigii mtu kelele.

Ni vyema kusema wazi kwamba mjumbe naye angeweza kuwa amekusudia "mahindi tu" na "maharage tu" bila kuandika hivyo. Jedwali haliwezi kujua nia yake. Linachoweza kufanya ni kuonyesha kwamba kuna majedwali mawili tofauti yanayotoshana na maandishi yake, moja lenye 10 na jingine lenye 0 katika kisanduku cha mwisho, na hivyo kuifanya ofisi irudi kumuuliza. Duara mbili zilizochorwa kwa haraka zisingeibua swali hilo, kwa kuwa mchoraji hushughulika na yaliyomo ndani ya duara.

Neno *na* lina utata wake. "Wanaosoma Historia na Jiografia ni 12" kwa kawaida humaanisha wale wanaosoma yote mawili. "Wanaosoma Historia na wanaosoma Jiografia ni 39" huweza kumaanisha makundi mawili yakiwekwa pamoja. Katika ukanushi mambo huwa magumu zaidi: "hawasomi Historia na Jiografia" inaweza kuwa hawasomi lolote, au hawasomi yote mawili kwa pamoja, na tofauti ya usomaji huo ni visanduku vitatu dhidi ya kimoja. Hapa Kiswahili kina dawa iliyo tayari. Neno *wala* huielekeza namba moja kwa moja kwenye kisanduku cha si hiki wala kile, na mtunzi wa mafumbo anayeliacha ili kufupisha sentensi hana sababu nzuri. Vivyo hivyo, "wanafunzi wote hawakufaulu" iachwe kabisa katika mitihani ya hisabati: wapo wanaoielewa kuwa hakuna aliyefaulu, na wapo wanaoielewa kuwa baadhi walifeli.

Taarifa zinapopungua

Ili visanduku vyote tisa vijulikane, zinahitajika namba nne, lakini si namba nne zozote. Tukipewa 45, 28, 17 na 23 katika fumbo la darasa, tuna namba nne ambazo kwa kweli ni tatu, kwani 17 ilikuwa tayari imo ndani ya 45 na 28. Kinachohitajika ni jumla kuu, jumla moja ya safu mlalo, jumla moja ya safu wima, na kisanduku kimoja cha ndani. Au namba zinazolingana na hizo kwa nguvu.

Tukikosa ile ya nne, jedwali halinyamazi. Idadi ya wanaosoma yote mawili tuiite *x*. Wanaosoma Historia bila Jiografia ni 28 − *x*, wanaosoma Jiografia bila Historia ni 23 − *x*, na wasiosoma lolote ni 17 − (23 − *x*), yaani *x* − 6. Kwa kuwa hakuna kisanduku kinachoweza kuwa na watu pungufu ya sifuri, *x* haiwezi kupungua chini ya 6 wala kuzidi 23. Jibu la "kati ya 6 na 23" ni jibu kamili la hisabati, ingawa wanafunzi wengi hulihesabu kuwa ni kushindwa, kwa sababu vitabu vimewazoesha kwamba kila fumbo lina namba moja mwishoni.

Hapa ndipo pa kumtaja Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Christ Church, Oxford, aliyeandika kwa jina la Lewis Carroll. Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kupitia *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya hadithi yake iliyotoka mwaka 1940. Katika kitabu chake cha mafumbo, *A Tangled Tale* cha mwaka 1885, aliuliza kuhusu kundi la askari wastaafu: asilimia 70 wamepoteza jicho, asilimia 75 sikio, asilimia 80 mkono, asilimia 85 mguu. Je, waliopoteza vyote vinne si pungufu ya asilimia ngapi?

Swali linataka kiwango cha chini, si idadi kamili, na jedwali linalijibu kwa hatua tatu. Chukua askari 100. Wasiopoteza sikio ni 25, kwa hiyo kisanduku cha "jicho bila sikio" hakiwezi kuzidi 25, na kati ya 70 waliopoteza jicho angalau 45 wamepoteza na sikio. Sasa kundi hilo la 45 liwe safu mlalo katika jedwali jipya, mkono ukiwa safu wima: wasiopoteza mkono ni 20, hivyo angalau 25 wamepoteza vitu vitatu. Katika jedwali la tatu wasiopoteza mguu ni 15, na wanabaki angalau 10. Anayezidisha asilimia zote nne hupata karibu 36, na amejibu swali lisiloulizwa: amedhani kwamba majeraha hayana uhusiano wowote baina yao, jambo ambalo fumbo halikusema popote.

Duara na mraba

Mchoro uliozoeleka wa makundi yanayoingiliana ni ule wa John Venn, mwanamantiki wa Cambridge, aliyeueleza mwaka 1880. Lugha ya seti ilienea katika shule za Afrika Mashariki pamoja na hisabati mpya ya miaka ya 1960, ambayo warsha zake zilianza Entebbe mwaka 1962, na tangu wakati huo duara hizo zimekuwa sura ya mada hii.

Carroll hakuridhika nazo. Badala yake alitumia mraba uliogawanywa sehemu nne, ambao kwa sura ni visanduku vinne vya ndani vya jedwali letu, na katika *Symbolic Logic* ya mwaka 1896 alieleza kasoro aliyoiona kwa Venn: wasio na sifa yoyote wanaachwa nje ya duara, katika uwanja usio na ukuta. Katika mraba wake wao pia wana chumba, na chumba chao kina ukubwa sawa na vingine. Vitabu vya leo huzungushia duara za Venn mstatili ili kuziba pengo hilo, lakini ndani ya mstatili wasio na sifa yoyote bado hupata nafasi iliyobaki, na wanafunzi wengi husahau kuandika namba hapo.

Haifuati kwamba duara zitupwe. Makundi yakiwa matatu, jedwali la pande mbili hulazimika kurudiwa, moja kwa wenye sifa ya tatu na moja kwa wasio nayo, ilhali duara tatu huonyesha maeneo yote manane kwa mara moja. Kwa makundi mawili, hata hivyo, mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuanza na duara.

Kati ya nani?

Aina ya mwisho ya mafumbo haya ndiyo inayogusa maisha ya watu moja kwa moja. Mwaka 1978 Ward Casscells na wenzake walichapisha katika jarida la *New England Journal of Medicine* matokeo ya swali walilowauliza watu 60 katika hospitali za mafunzo za Harvard: wanafunzi wa udaktari, madaktari walio mafunzoni, na madaktari wenye uzoefu. Ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake huwapa jibu chanya kimakosa asilimia 5 ya watu wasio wagonjwa. Mtu ambaye hatujui lolote la dalili zake amepata jibu chanya. Kuna uwezekano gani kuwa ni mgonjwa kweli? Jibu lililotolewa na wengi kuliko mengine lilikuwa asilimia 95, nao walikuwa 27. Waliotoa jibu sahihi walikuwa 11.

Fumbo hili ni la makundi mawili yanayoingiliana, wagonjwa na waliopata jibu chanya. Ili kuepuka sehemu za mtu, tuchukue watu 20,000. Wagonjwa ni 20, wasio wagonjwa 19,980, na asilimia 5 ya hao wa pili ni 999. Tukijaribu kuendelea tunakwama: fumbo halikusema kipimo kinawakamata wagonjwa wangapi kati ya 20. Kasoro hiyo huonekana mara moja kwenye jedwali, kwa kuwa kisanduku kinabaki kitupu. Tukichukua hali inayokipendelea kipimo kuliko zote, kwamba hakimkosi mgonjwa hata mmoja, tunapata hivi:

| | Chanya | Hasi | Jumla |
|---|---|---|---|
| Mgonjwa | 20 | 0 | 20 |
| Si mgonjwa | 999 | 18,981 | 19,980 |
| Jumla | 1,019 | 18,981 | 20,000 |

Waliopata jibu chanya ni 1,019, na wagonjwa miongoni mwao ni 20, yaani chini kidogo ya asilimia 2. Kama kipimo kinawakosa baadhi ya wagonjwa, uwezekano huo unashuka zaidi, haupandi kamwe.

Waliojibu 95 walichanganya safu mlalo na safu wima. Asilimia 5 ya makosa ni habari ya safu mlalo: *kati ya wasio wagonjwa*, wangapi wamepata chanya. Swali lilikuwa la safu wima: *kati ya waliopata chanya*, wangapi ni wagonjwa. Katika Kiswahili maneno mawili, *kati ya*, hubeba mzigo wote huo, na kinachoyafuata ndicho kinachokuwa mgawanyo wa chini wa sehemu. Mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari na karatasi yenye neno "chanya" yuko katika safu wima ya kwanza, pamoja na wale 999.